Suti ya kuazima na mstari wa mwisho wa barua

Binti wa kaka yangu aliitwa kwenye usaili akabakiwa na siku 3 za kujiandaa. Ana miaka 24, amesomea ufundi wa mitambo, na nafasi aliyoomba ilikuwa ya fundi sanifu wa matengenezo kwenye kiwanda cha vifungashio. Barua iliingia kwenye simu yake saa 10 jioni. Saa 12 nilikuwa nimeshapokea picha: suti nyeusi imetundikwa mlangoni, gauni la kijani limelazwa kitandani, suruali ya bluu iliyokolea pamoja na shati jeupe, kisha jozi mbili za viatu zimesimamishwa ukutani kama washtakiwa. Barua yenyewe aliiambatanisha. Chini ya yote aliandika: "Shikamoo shangazi. Nivae ipi?"

Nikamjibu marahaba, vaa suti. Sikuchukua hata dakika moja kufikiri.

Nakieleza kisa hiki kwa sababu jibu langu lilikuwa la makosa, na nilikosea nikiwa na uzoefu. Miaka kadhaa nilikaa upande wa pili wa meza, kwenye jopo, na fomu ya alama mbele yangu. Watu huamini kwamba aliyewahi kusaili wengine anajua nguo gani ivaliwe. Anachojua kwa hakika ni nguo gani zilimsumbua yeye.

Mfano ni huu. Kuna kijana alikuja mbele yetu na koti jipya kabisa, lebo ya kitambaa bado imeshikizwa kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya vifungo. Lebo ile huwekwa na mtengenezaji ili koti litambulike likiwa dukani. Imeshikwa kwa mishono michache tu, na mnunuzi anatakiwa kuikata kabla hajalivaa. Yule kijana alikuwa hajui, na nyumbani hakuwa na wa kumwambia. Alijibu maswali kwa nusu saa. Leo ukiniuliza alisema nini kuhusu hesabu za ghala, sikumbuki neno. Lebo naikumbuka mpaka rangi ya uzi wake.

Fomu yetu haikuwa na kisanduku cha mavazi. Ilikuwa na uelewa wa kazi, kujieleza, na kujiamini. Ni kwenye hicho cha mwisho nguo zilipokuwa zikipenyea, kwa sababu hakuna msaili anayejua kwa hakika kujiamini kunapimwaje, kwa hiyo anaandika namba inayolingana na alivyomwona mtu akiingia mlangoni. Jambo hili lina historia. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike alichunguza alama ambazo maofisa wa jeshi waliwapa walio chini yao, akaona kwamba alama za umbo, akili, uongozi na tabia zilikuwa zinafuatana kupita kiasi. Aliyepata juu kwenye moja alipata juu kwenye zote, kana kwamba ofisa alitazama jambo moja tu akajaza mengine kwa kukisia.

Miaka 100 baadaye, mwaka 2020, DongWon Oh, Eldar Shafir na Alexander Todorov walichapisha majaribio ya kuwaonyesha watu picha za nyuso, kila uso ukiwa na nguo iliyoonekana ya mtu mwenye fedha zaidi kidogo au pungufu kidogo. Uso uleule ulipewa alama kubwa za umahiri ukiwa na nguo ya "mwenye nacho". Watazamaji walipoambiwa wazipuuze nguo, bado ziliwaathiri. Walipoonyeshwa picha kwa milisekunde 129, karibu sehemu moja ya nane ya sekunde, ikawa vilevile.

Kwa hiyo suti haikunitoka mdomoni bure. Ila majaribio yale yalihusu kutupa jicho kwenye picha ya uso na kifua. Usaili wa binti huyu ulikuwa wa dakika 40, na haukuishia kwenye kiti.

Mstari ambao sikuusoma

Alinijibu kwa adabu, kama watoto wanavyofanya wakishajua umekosea: "Sawa shangazi. Ila barua inasema baada ya usaili tutatembezwa kiwandani."

Nikaifungua upya. Mimi nilikuwa nimesoma tarehe, saa na jengo, nikaridhika. Mstari wa mwisho ulisema wasailiwa watatembelea eneo la uzalishaji. Basi, hakukuwa na neno la viatu wala la mavazi.

Mstari ule ulibadilisha kisa chote. Eneo la uzalishaji la kiwanda cha vifungashio lina rola zinazozunguka zikivuta karatasi na plastiki, na kitu chochote kinachoning'inia kinaweza kuvutwa nazo: tai, ncha za mtandio, cheni, nywele ndefu zilizoachwa, mikono ya koti iliyozidi. Kwenye viwanda vingine kuna njia za juu zenye sakafu ya chuma ya matundu, ambayo kisigino chembamba kinaingia na kukwama. Nilikuwa nimemvalisha mtu wa kukaa mezani, wakati siku yake ilikuwa na sehemu mbili na ya pili ni ya kutembea, kuinama, pengine kupanda ngazi.

Tangu siku hiyo swali la "nguo ipi inapendeza" nimelishusha chini kabisa. La kwanza ni hili: siku ile mwili utafanya nini?

Kiti, ngazi na kuchuchumaa

Jioni iliyofuata nilikwenda kwao. Nilimwambia avae kila seti, na kila seti afanye mambo manne: akae kwenye kiti kifupi, anyooshe mkono kama anayesalimia, achuchumae, apande ngazi na kushuka. Kioo nilikigeuza ukutani. Kioo hukuonyesha umesimama wima, umevuta pumzi, umenyoosha shingo, na mkao huo huukai tena siku nzima.

Suti ilishindwa kwenye kiti. Si yake, aliiazima kwa rafiki yake aliyeinunua kwa ajili ya mahafali, na mabega yalikuwa yamemzidi. Akisimama, unasema sawa. Akikaa bila kufungua vifungo, koti zima linapanda, kola inafika masikioni, anaonekana kama kobe anayerudi ndani. Mikono ilifika kwenye vifundo vya vidole. Nilipomgeuza nikakuta mpasuo wa nyuma bado umefungwa kwa uzi uliovuka mara mbili, umbo la alama ya kuzidisha. Uzi huo nao ni wa dukani, kazi yake ni kuzuia mpasuo usijikunje wakati wa kusafirishwa. Mwenye suti alihitimu nao mgongoni. Nilitaka kuukata, nikakumbuka nguo ni ya watu. Binti akampigia mwenyewe kuomba ruhusa, wakacheka kwa muda mrefu.

Gauni la kijani lilikuwa zuri, na ndilo alilolipenda. Lilishindwa kimyakimya. Kila alipokaa lilipanda juu ya goti, naye akalivuta. Nilihesabu kwa dakika 5: alilivuta mara 7, na mara mbili kati ya hizo alikuwa katikati ya sentensi. Mkono uliopewa kazi ya kulinda pindo hauwezi tena kusaidia kueleza jambo.

Hapo nikaongeza jaribio la tano ambalo sikuwa nimelipanga. Nilimuuliza swali la kazi yake, kwa kila nguo swali lilelile: kwa nini beringi ya mota, kile kipande kinachoshika mhimili unaozunguka, inapata moto kupita kiasi? Ndani ya suti alijibu kwa ufupi, mikono imefichwa chini ya meza kwa sababu ya ile mikono ya koti iliyozidi. Ndani ya suruali na shati alianza kujibu, kisha akainua mikono yote miwili, mmoja ukawa shafti, yaani huo mhimili, mwingine ukawa beringi, akanionyesha shafti ikiwa haijalingana sawasawa mzigo unakwenda upande mmoja. "Halafu shangazi, watu wanadhani grisi ikipungua ndiyo tatizo. Ikizidi nayo inachemsha." Alijibu vizuri zaidi, na hakujua kama amejibu vizuri zaidi.

Alinibishia kidogo, na hoja yake ilikuwa ya maana: suti inampa moyo, akiivaa anajisikia mtu mzima. Kuna jaribio maarufu la mwaka 2012 la Hajo Adam na Adam Galinsky, lililodai kwamba watu waliovaa koti jeupe na kuambiwa ni la daktari walikuwa makini zaidi kuliko walioambiwa koti hilohilo ni la mchoraji. Limenukuliwa kila mahali kama ushahidi kwamba nguo inabadilisha akili ya anayeivaa. Kinachonukuliwa mara chache ni kwamba watafiti wengine waliporudia kwa uangalifu jaribio la kwanza la utafiti huohuo, la kulinganisha waliovaa koti na wasiolivaa, na matokeo kuchapishwa mwaka 2019, hawakuyapata yale ya mwanzo. Mimi sisemi nguo haimpi mtu moyo. Nasema moyo unaotoka kwenye koti unakatika mara koti linapopanda masikioni.

Kilichobaki kilikuwa na kasoro zake

Suruali ilizidi urefu kwa kama sentimita 3. Fundi cherehani aliipinda, lakini nilimtuma binti aende na viatu atakavyovaa siku hiyo, maana upindo hupimwa juu ya kiatu chenyewe.

Shati jeupe tulilichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni jasho. Kijivu cha wastani na bluu ya mawingu vinachora ramani ya kwapa ndani ya dakika 10. Nyeupe na rangi zilizokolea sana vinaficha. Ya pili ilikuwa kumbukumbu mbaya: mchujo wa awali ulifanyika kwa video, naye akavaa shati la mistari myembamba iliyobanana. Kwenye kamera mistari ya namna hiyo hugongana na mpangilio wa nukta za kitambuzi cha picha, ikaanza kumetameta na kutambaa kifuani kama mawimbi. Msaili mmoja alimuuliza kama mtandao wake una shida.

Lakini jeupe lilikuwa jepesi, linaonyesha. Alileta fulana nyeupe ya kuvaa ndani, na hilo ndilo kosa la karibu kila mtu: nyeupe chini ya nyeupe inaonekana ukingo wake wote. Fulana ya rangi inayokaribia ngozi yako ndiyo inayopotea. Juu ya shati akachukua koti lake mwenyewe jepesi la bluu, fupi, ambalo angeweza kulivua mlangoni mwa kiwanda. Kifungo kimoja kilikuwa kinashikiliwa na uzi mmoja. Nikakishona upya palepale, nikizungusha uzi chini yake mara kadhaa ili kiwe na shingo na kisikabe kitambaa.

Viatu ndivyo vilivyomkosesha usingizi. Vya kisigino vilikuwa vipya na vinang'aa. Vyeusi vya chini, vya kufunika, vilikuwa na mchubuko kwenye ncha ya kulia. "Kila mtu atauona." Nilimweleza jaribio la Thomas Gilovich na wenzake, lililochapishwa mwaka 2000, ambapo wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwanamuziki waliyemwonea aibu, wakaingizwa kwenye chumba cha wenzao. Waliovaa walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wameitambua picha. Walioitambua hasa walikuwa kama robo.

Akanirudishia mpira: "Na ile lebo ya yule kijana wako, shangazi?" Nikanyamaza. Ni kweli, hali hazifanani. Kwenye chumba kile kila mtu alikuwa na yake. Kwenye usaili watu watatu wamelipwa wakutazame wewe peke yako, kwa umbali wa meza moja. Nilichoweza kumwambia ni kwamba jopo huona kinachopiga kelele. Lebo mkononi inapiga kelele. Mchubuko uliopakwa dawa ya viatu na kusuguliwa mpaka ukalainika haupigi, ila tope la jana lingepiga.

Kabla hatujafunga mjadala nilimwambia apige simu kule alikoitwa. Alisita sana, akidhani kuuliza mavazi kutamfanya aonekane mshamba. Mimi naona kinyume chake: anayeuliza juu ya ziara ya kiwandani ameisoma barua mpaka mwisho, jambo ambalo mimi mwenye uzoefu sikulifanya. Mazungumzo yalikuwa ya nusu dakika. Viatu vya kufunika vidole, visigino visivyozidi kimo cha kawaida, nywele zifungwe, vikoti vya kuakisi mwanga na kofia ngumu watapewa langoni. Siku mbili tulizobishana zingekwisha kwa nusu dakika hiyo.

Pasi aliipiga usiku, shati likiwa na unyevu kidogo. Pamba hukunjamana kwa sababu nyuzi zake hushikana zikiwa zimepinda. Maji na joto huziachia, na zikipoa zinashika umbo zililokuwa nalo wakati huo. Kwa hiyo shati linalovaliwa likiwa bado na uvuguvugu wa pasi linapoa mwilini na kuchukua mikunjo ya kiwiko na mgongo. Alilitundika mpaka asubuhi. Manukato nilimkataza tu, chumba cha usaili huwa kidogo.

Siku yenyewe

Waliitwa watu 5. Wanaume wawili walikuja na suti na tai, mmoja na shati la mikono mifupi, na dada mmoja ambaye, kwa maneno ya binti mwenyewe, alipendeza kuwashinda wote: suti ya kijivu iliyomkaa sawasawa na viatu vya kisigino kirefu chembamba.

Usaili wa mezani ulipita kama unavyopita. Aliulizwa la beringi? Hapana, halikuulizwa. Aliulizwa kuhusu ratiba za matengenezo, akajibu.

Langoni mwa kiwanda ndipo mavazi yalipoanza kuhukumiwa, tena na mtu ambaye hakuwa kwenye jopo. Ofisa wa usalama alisimama na daftari. Wale wenye tai aliwaambia wazivue, wakazikunja na kuzitia mfukoni. Mmoja mfuko wake ulikuwa bado umeshonwa, kama mifuko ya koti jipya inavyokuwa, akabaki ameishika tai mkononi ziara nzima. Yule dada alizuiwa. Akapewa kiti kwenye chumba chenye dirisha kubwa la kioo, akawatazama wenzake kutoka huko kwa dakika 25.

Hapo lawama siiweki kwake. Alivaa sawasawa na alivyoelekezwa na barua isiyoelekeza chochote. Mwajiri anayejua kwamba mlangoni kuna masharti ya viatu na asiyaandike amemnyima mtu nafasi kwa uvivu wa mstari mmoja. Ningekuwa kwenye jopo lile ningedai atafutiwe viatu vya akiba, kama vile kofia zilivyopatikana. Sina hakika kama mtu alisema hivyo. Ila nalikumbuka jopo letu la zamani, na sidhani kama sisi tungesema.

Ndani, mhandisi aliyewaongoza alisimama kwenye mashine moja ya kukatia akauliza, karibu kwa mzaha, nani anasikia kitu. Kelele zilikuwa nyingi. Binti alichuchumaa upande wa mota, akainamisha kichwa, akasikiliza, kisha akasema kuna mlio unaorudi kwa vipindi, huenda ni mkanda uliolegea. Mhandisi akasema wameshauona, unabadilishwa wiki ijayo. Alipoinuka goti la suruali lilikuwa na vumbi na pindo la shati jeupe lilikuwa limeshika grisi, doa la ukubwa wa punje ya mahindi. Alirudi mpaka nyumbani akilifikiria doa hilo kuliko jibu alilotoa.

Siwezi kusema nguo zilimpa chochote. Sikuiona fomu yao ya alama. Ninachoweza kusema ni kile ambacho hazikumzuia: kuingia lile lango, kuchuchumaa bila kufikiri mara mbili, na kuitumia mikono. Barua ingekuwa ya benki au ya ofisi ya mawakili, bila ziara, ningerudi kwenye suti, ila si ile ya kuazima kabla ya kupita kwa fundi kupunguzwa mabega, kazi ambayo ni ngumu na mara nyingi haifai kufanyiwa nguo ya mwenzio. Kama angekuwa hana koti la bluu, shati safi peke yake lingetosha kwa nafasi ile. Kuhusu gauni la kijani bado tunabishana. Yeye anasema lingeongezwa urefu, mimi nasema lisubiri sherehe.

Zilipita wiki 6 bila neno. Tulishaacha kuizungumzia, na suti ilishasafishwa na kurudishwa kwa mwenyewe, mpasuo ukiwa wazi. Kisha asubuhi moja, nikiwa najiandaa kutoka, simu ikaita mlio wa ujumbe. Picha ya ovaroli ya bluu imetundikwa kwenye mlango uleule, na chini yake:

"Shikamoo shangazi. Nimepewa sare. Imenizidi mabega."